Baba Hakukataa Sahani

Baba yangu aliuawa na adabu. Watu wa kwetu Kanyangi hawapendi nikisema hivyo, hasa wale waliokuwa wazee wa kanisa pamoja naye, lakini nimelisema mbele yao na nitalisema tena. Hospitali ilisema ni kiharusi. Sawa, kiharusi ndicho kilichomwangusha. Mimi nasema habari ya kilichomfikisha hapo.

Alikuwa na presha ya muda mrefu. Daktari alimkataza chumvi, na mama yangu akalishika neno hilo kama amri ya Mungu. Sasa, kwetu hata maji ni ya chumvi. Ukichota kwenye kisima cha pampu ukapika chai, unakunywa chai na supu kwa pamoja. Kwa hiyo mama akauza ndengu zake, akanunua tangi, na chakula cha baba kikawa kinapikwa kwa maji ya mvua peke yake. Tangi likikaribia kukauka, sisi tulioga kwa maji ya kisima, tukafua kwa maji ya kisima, lakini sufuria ya baba haikuyaonja. Na baba alikula. Hakuongeza chumvi hata punje, maana aliamini kwamba mtu akiongeza chumvi kwenye chakula alichopikiwa amemtukana mpishi. Chumvi haikukaa mezani kwetu. Tukiwa watoto, ukinong'ona tu kwamba mboga imepooza, alikuangalia mpaka umalize sahani na useme asante.

Shida ni kwamba adabu hiyo hiyo alitoka nayo nje. Mzee wa kanisa haishi kualikwa. Leo ni matanga, kesho ni harusi, keshokutwa ni harambee ya karo, na kila nyumba inamletea sahani ya mzee: supu ya mbuzi iliyotiwa chumvi bila huruma, na muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, nayo yamekolea vilevile. Huku Ukambani ukikataa chakula cha mtu, hujakataa chakula tu. Umesema jambo juu ya mikono ya mama wa nyumba ile. Watu watauliza, kwani anaogopa kulishwa nini? Baba hangeweza kumpaka mtu doa kama hilo. Alikula, akamaliza, akaiombea nyumba baraka.

Alianguka akitoka kwenye sherehe moja ya namna hiyo, na hakuinuka tena. Siku ya mazishi, kila aliyeshika kipaza sauti alimsifu kwa jambo moja: hakuwahi kukataa sahani ya mtu. Walilisema wakitabasamu, na umati ukaitikia amina. Mimi nilikaa pale nikiuma leso kwa hasira. Mama hakuitikia amina. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mimi niliolewa upande wa Malili, nina duka la nafaka kando ya barabara kuu. Zamu yangu nayo ikafika. Kwenye kliniki muuguzi alinifunga ule mkanda mkononi, akapima, akapima tena. "Mama," akaniambia, "hii presha yako si ya kucheza nayo. Chumvi uache." Kabla sijafika dukani nilikuwa nimekata shauri. Mimi sitakufa kwa adabu. Wacha waniite wanavyotaka.

Nilianzia nyumbani. Nikapika bila chumvi, na kikopo cha chumvi nikakiweka katikati ya meza, kila mtu ajiongezee. Mume wangu, ambaye alilelewa kama mimi, hakukigusa. "Si chakula ni kitamu tu," alisema, huku akitafuna sukuma kama mtu anayetafuna mkeka. Aliendelea kusema hivyo mpaka siku moja nilipoingia jikoni kuchota maji, nikamkuta amesimama nyuma ya mlango, sahani mkono huu, kikopo mkono ule, macho yamemtoka pima.

"Baba watoto, unaiba kwako?"

"Niliogopa utaona nimekutukana."

"Kunitukana ni huku kujificha! Njoo mezani uimwage mbele yangu. Ukitaka, imwage yote, mradi ni sahani yako."

Akacheka mpaka chumvi ikamwagika. Tangu siku hiyo, sheria yetu ikawa hii: mpishi apike, mlaji ajiongezee, na mtu asiangalie mkono wa mwenzake.

Nje kulikuwa kugumu zaidi. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, tunazunguka nyumba kwa nyumba na kila mwenye nyumba anapika. Nilipoanza kusema samahani, mimi nipe papai na chai ya rangi, walinitania kwamba siku hizi nimekuwa mzungu. Hayo niliyamudu. Kisha mmoja akasema, bila kutabasamu, "Au unatuogopa?" Nikamjibu, "Ningekuogopa nisingekuja kuketi kwako." Lakini wapo walioacha kunialika, na niliumia, siwezi kudanganya. Niliumia nikiwa hai.

Ndipo mwanangu wa kwanza akapata mchumba, msichana wa Migwani. Tukaanza kupanga kupeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa kuwaambia kina msichana kwamba binti yenu sasa ana mwenyewe. Ntheo haiendi bila kula. Na anayepewa sahani kwanza miongoni mwa wanawake ni mama wa kijana, naye ndiye anayewafungulia wengine: hawali mpaka aonje. Mwanangu alijua hivyo. Alikuja akaketi karibu nami dukani, akawa anachezea ndengu kwenye gunia.

"Mama, nakuomba. Siku moja tu. Kijiko kimoja."

"Babu yako alikula siku moja moja hivyo hivyo mpaka zikaisha."

"Na wakisema humtaki msichana wao?"

Hapo alinigusa kwenye kidonda. Huyu kijana si wa maneno mengi, na msichana huyo alikuwa akimtaja kila baada ya sentensi mbili. Nilijua wazi kwamba ningeweza kumvunjia ndoa kwa mdomo uliofungwa. Baba yake, aliyekuwa akishona magunia pembeni, akadakia: "Si ubebe kachakula kako kwa mfuko?"

"Niende kwa watu na chakula mfukoni! Hapo ndipo nitakuwa nimewaita wachawi."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawaambia ukweli."

Wakaangaliana. 

Tukaenda. Mama yangu alikuwa nasi kama nyanya wa bwana harusi, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Uwanja wa nyumbani kwao Migwani ulikuwa umefagiliwa, viti vimepangwa chini ya hema, na baba wa msichana alikuja mpaka langoni mikono wazi. "Karibuni, karibuni! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mbuzi mmoja akagoma kuingia, watu wakacheka, wakasema huyo ndiye mwenye akili, anataka kujua mahari kwanza. Mambo yalikwenda vizuri, maneno yakaisha, na chakula kikaja.

Mama wa msichana ni mwanamke mrefu, mwepesi, na tangu tufike sikuwa nimemwona ameketi. Alinipakulia kwa mkono wake: pilau, nyama ya mbuzi, muthokoi pembeni, mchuzi juu. Akaniwekea sahani mikononi, akasimama mbele yangu akingoja. Kila mtu alikuwa anangoja. Watu hawaelewi jambo hili: mimi chakula nakipenda. Harufu ile ilinijaza mate mdomoni. Nikamwona mwanangu akiangalia viatu vyake.

"Mama," nikasema, "Mungu aibariki mikono yako. Chakula hiki ningekimaliza chote nikalamba na sufuria. Lakini nina presha, na chumvi nimekatazwa. Siwezi kukila. Si kwamba sikutaki wewe, wala simkatai binti yako. Binti yako hata sasa hivi naweza kumbeba mgongoni nikaenda naye."

Wawili watatu walicheka kule nyuma, kisha wakaona wako peke yao wakanyamaza. Shangazi wa msichana aliweka kijiko chini.

"Heh! Tangu lini mtu anakuja kuomba mke na anakataa chakula? Kwani mikono ya wifi yangu ina nini?"

 Mume wangu alikohoa, nami namjua, alitaka kuleta habari ya mvua. Mwanangu sasa alikuwa ameinua uso, na macho yake yalisema kijiko kimoja, mama, kimoja tu. Nilishika ile sahani na niliogopa. Sikumwogopa shangazi. Niliogopa kwamba nitakula.

Ndipo mama yangu akasema. Yeye huongea kwa sauti ya chini, watu ikabidi wainame wasikie.

"Mikono yake haina kitu. Mimi nilikuwa na mume. Nilimpikia kwa maji ya mvua, nyumbani kwangu hakuonja chumvi. Halafu tukialikwa nakaa kando yake, namwona akila ya watu. Kila mara nilikuwa kando yake. Namwona, na nanyamaza, kwa sababu niliambiwa mwanamke mwenye adabu hamwaibishi mume wake mbele za watu."

Akanyoosha mkono, akachukua ile sahani kutoka mikononi mwangu, akaiweka mapajani mwake.

"Huyu sitamnyamazia. Mkikasirika, nikasirikieni mimi."

Ngai wangu. Miaka yote hiyo nilijua kwamba walikuwa wakienda pamoja. Sikuwa nimewahi kufikiria alikuwa anaona nini akiwa amekaa pale. Nilitaka kumshika mkono lakini alikuwa ameshikilia sahani kwa mikono yote miwili.

Mama wa msichana akageuka, akaelekea jikoni. Nikajua basi, imeisha, ndoa ya mwanangu imeondoka na pilau. Tulikaa. Mtoto fulani akalia, akanyamazishwa. Baba wa msichana akasema, "Ngojeni kidogo," na ilionekana hata yeye hajui tungoje nini.

Aliporudi alikuwa amebeba kasufuria kadogo, chini keusi kwa moshi, juu kamefunikwa kisahani, na vijiko viwili. Akavuta stuli mbele yangu, akakaweka hapo kasufuria, akafunua. Ndani mlikuwa na muthokoi na mbaazi.

"Hii haina chumvi," akasema. "Onja."

Nikaonja. Ilikuwa imepooza vile vile kama ya kwangu Malili. Machozi yakanikaribia.

"Hiyo ulimpikia nani?" mume wake akauliza.

"Nilijipikia."

"Wewe? Una nini?"

"Presha. Tangu kitinda mimba wetu aanze shule."

Yule mzee akamwangalia mke wake kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Na si tunakula pamoja kila siku?"

"Nyinyi mnakula. Mimi nawapakulia, halafu narudi jikoni."

Msichana wetu alikuwa amesimama kwenye mlango, mkono mdomoni. Hata yeye hakujua. Mama yake hakumtazama. Alizungumza na ile stuli. "Nikipika bila chumvi, wageni watasema sijui kupika. Nikisema mimi ni mgonjwa, watasema nyumba hii ina ugonjwa, nani ataoa hapa? Nikaona heri ninyamaze mpaka huyu aolewe."

"Ameshaolewa," nikasema. "Mbuzi si wale pale? Kaa tule."

"Nina wageni wa kuwapakulia."

Mume wake akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya stuli. "Wageni watajipakulia. Mama, kaa."

Akakaa, kwenye ncha ya kiti, kama anayengoja kuitwa. Akanipa kijiko kimoja, akabaki na kingine, na tukala kutoka kasufuria kale, magoti yetu yakigusana, mbele ya watu wote. Shangazi naye akakiokota kijiko chake bila kuambiwa. Mwanangu alikula sahani mbili, mjinga yule. Mama yangu aliimaliza pilau yangu yote, nyama na mchuzi, na akaomba chumvi kidogo, kwa sauti, maana yeye presha haijawahi kumjua. Mzee wa nyumba akakimbia kumletea mwenyewe.

Tulikuwa tumefika katikati mama wa msichana alipoacha kutafuna. Kijiko kilibaki hewani, machozi yakimtiririka bila sauti. Nilidhani amepaliwa, nikamshika mgongoni.

"Ni nini, mkwe?"

"Hakuna kitu," akasema. "Ni vile sijawahi kuila hii nikiwa nimeketi."