Chatu Alivyotushinda Dutwa

Kaka yangu alirudi kutoka Dar na saksafoni, wakati ule ushirika umeishiwa nguvu na malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yameanza kuingia kwetu Dutwa. Muziki wake sikujua niuiteje. Ndani yake mlikuwa na ngoma zetu za Kisukuma, mdundo wa Kinaijeria alioutoa kwenye kaseti, na maneno ya kufokafoka kama vijana wa mjini. Mimi nilipiga besi. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo siasa naieleza nilivyoielewa, huenda nakosea.

Wimbo wake mkubwa uliwataka wakulima wagome kupima pamba mpaka mizani ya wanunuzi ikaguliwe mbele yao. Nisiwaonee wanunuzi. Ushirika nao uliacha pamba yetu ilale ghalani, na sisi wenyewe tulikuwa tunainyunyizia maji iwe nzito.

Mnunuzi mmoja aliusikia. Hakuita polisi. Alikwenda kwa wakubwa wa ngoma akaomba mashindano, yale ya baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, watu wanasimama wanakotaka. Anayekimbiwa ananyamaza hadi mavuno mengine. Kwa lori lake akaleta kundi la wacheza na chatu. Kaka alikubali papo hapo. Alisema hakuna mtu atakayeacha haki yake amfuate nyoka.

Siku yenyewe watu walianza kwetu, wakajaa. Lakini nyimbo zake zilikuwa na ala tupu kwa muda mrefu kabla ya neno la kwanza. Nilimsogelea nikamwomba aanze kuimba.

"Tulia," akasema. "Mdundo uwakamate miguu kwanza. Maneno yatafuata."

Miguu uliwakamata kweli. Ila ng'ambo ya uwanja chatu akatolewa kwenye sanduku, na watu wakaanza kwenda kule huku wanacheza, kwa mdundo wetu wenyewe. Mama yetu alikuwa katikati yao. Kaka alipofungua mdomo kuimba habari za mizani, mbele yetu walibaki muuza karanga na mlevi aliyelala.

Aliuimba wote. Sijawahi kumsikia akiimba vizuri vile, au labda uchungu unanidanganya.

Jioni, mama akitenga ugali, kaka alimuuliza kwa nini naye alivuka.

"Ng'wanawane," mama akasema, "mizani naijua, inaniibia kila mwaka. Chatu sijawahi kumwona akicheza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Sikuona mama alipokosea.

Kaka alishika ahadi ya kunyamaza, hakupiga hata kwenye harusi. Ununuzi ulipofunguliwa hakuna aliyegoma. Tulikwenda kupanga foleni na wenzetu, na kaka ndiye aliyemsaidia mama kuutundika mzigo kwenye ndoano ya mizani. Mnunuzi alisoma alichotaka kusoma. Kaka akakunja gunia tupu.