Saa Aliyozaliwa Mheshimiwa

Mheshimiwa Tripurari alikuwa hajawahi kukanyaga kwetu. Miaka kumi ya ubunge, hata kwa bahati mbaya hajapita.

Halafu mchana mmoja akaja na magari manne, kumuuliza bibi yangu swali moja tu.

"Mimi nilizaliwa saa ngapi?"

Naitwa Lalan. Shule niliishia darasa la saba, sina maneno ya kitabuni, nasema kama ilivyotokea.

Kwetu ni Bihar, juu ya tuta la mto Kamla. Nyumba arobaini na moja. Sisi ndio wa chini kabisa. Ng'ombe akifa kwa wakubwa, tunaitwa sisi. Mke wao akishikwa uchungu, wanaitwa mama zetu. Wakishakata kitovu wanatolewa nje, na nyumba inaoshwa nyuma yao kuanzia kitandani mpaka mlangoni.

Bibi yangu, Budhni, ni mkunga. Nusu ya watu wa pande hizi kawatoa yeye tumboni. Mheshimiwa mmojawapo.

Sasa, mwaka huo wa uchaguzi watu wa idara ya maji wakapita na rangi nyekundu. Kila mlango namba. Wa kwetu ukaandikwa thelathini na saba.

Maana yake ni moja tu. Hamna hati, mnavunjiwa.

Mheshimiwa akapanda jukwaani mjini akasema, "Nikirudi bungeni, watu wa tutani hati zao nawaletea kwa mkono wangu."

Mimi nikaingia kwenye kampeni yake mzimamzima. Kubandika mabango, kupiga kelele kwenye spika juu ya gari mpaka sauti inakauka. Sikuwa nampenda. Nilikuwa naupigania mlango namba thelathini na saba.

Wiki moja kabla ya kurudisha fomu, msaidizi wake, jamaa anaitwa Upendra, akanivuta pembeni kwenye kibanda cha chai.

"Lalan, kuna noma. Mzee anataka kujitoa."

"Kisa?"

"Pandit Kirtinath."

Huyo ndiye mnajimu wao. Mheshimiwa hanyoi nywele bila kumuuliza. Ile karatasi ya nyota za kuzaliwa iliandikwa tangu akiwa mchanga, na inasema ana nyota ya kifalme.

"Sasa si safi?"

"Subiri. Pandit anasema karatasi ni moja, maisha ni mengine. Kwa karatasi, baba yake alitakiwa afe mzee. Kafa mwanawe ana miaka sita. Kwa karatasi ana watoto wawili wa kiume. Hana hata mmoja. Pandit anasema ile saa ya kuzaliwa imepikwa."

"Imepikwa na nani?"

"Ndiyo anatafutwa mkunga, bwege wewe. Bibi yako. Akisema jioni kama ilivyoandikwa, mzee anagombea na anashinda. Akisema saa nyingine, anza kufunga virago."

Chai ilinishinda kumaliza.

Nikamkuta bibi anachambua majani ya haradali mbele ya mlango. Nikamwambia yote. Hakuinua hata uso.

"Alizaliwa alfajiri," akasema.

"Una uhakika?"

"Treni ya asubuhi ilikuwa inavuka daraja. Nimemshika mkononi naisikia."

Akanisimulia. Mama yake Mheshimiwa alipoambiwa ni saa ngapi, akapauka. Alfajiri ile ilikuwa chini ya nyota ya Mul. Mtoto wa kiume akizaliwa chini ya Mul, wanasema anamla baba yake. Baba haruhusiwi hata kumwona uso siku ishirini na saba. Na yule baba alikuwa mkali, alikuwa mjini kwenye kesi, anarudi jioni.

Basi wakafunga mlango. Mchana kutwa mtoto kafichwa ndani, akilia anapewa titi, bibi kafungiwa humohumo hana hata maji ya kunywa. Jua lilipozama na Mul ikapita, taa zikawashwa, wakagonga sahani ya shaba kama inavyogongwa akizaliwa wa kiume. Hongera, mtoto kazaliwa sasa hivi.

"Akanishika miguu yule mama," bibi akasema. "Mwanamke wa kwao, ananishika miguu mimi. Akaniomba ninyamaze. Nikanyamaza miaka sitini na moja."

"Basi malizia vizuri. Akija, mwambie jioni."

"Kwani ilikuwa jioni?"

"Bibi, tunavunjiwa nyumba."

"Wewe mtoto, kunyamaza sio kudanganya. Mimi shamba sina, kusoma sijui. Nina kitu kimoja. Nikisema fulani kazaliwa saa fulani, imeisha, hakuna anayebisha."

"Hicho kitu chako kinazuia tingatinga?"

Akaniangalia. Yale macho sitayasahau.

"Akijitoa huyu," nikasema, "hati zimekwenda. Nyumba arobaini na moja, bibi. Utawaambia nini? Kwamba treni ilikuwa inapita?"

Akaendelea na majani yake.

Kesho yake ndiyo magari yakaja.

Upendra akatandika shuka jeupe juu ya kitanda chetu cha kamba, ndipo Mheshimiwa akakaa. Bibi akampa maji. Akaishika ile glasi muda wote, hakuinywa.

Pandit Kirtinath hakushuka. Alikaa ndani ya gari, mlango wazi, amepakata bahasha imefungwa kitambaa chekundu. Niliiona ile bahasha. Ikumbukeni.

"Mama Budhni," Mheshimiwa akasema. Ndiyo mara ya kwanza namsikia mtu wa kwao akimwita bibi mama. "Ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwepo. Mimi ndiye mtu wa kwanza kukugusa. Ulikuwa na damu mwili mzima na hukuuliza mimi ni ukoo gani."

Majirani wakajikohoza. Upendra akaangalia viatu vyake.

Mheshimiwa mwenyewe hakukasirika. Nawaambia alikuwa anatetemeka, maji yanacheza kwenye glasi. Yule mtu mwenye bunduki mbili nyuma yake, anamwogopa ajuza hana hata jino.

"Niambie ukweli. Nilizaliwa saa ngapi?"

Bibi akamtazama yeye. Akamtazama Pandit kule garini. Halafu akanitazama mimi.

Mimi nikauangalia mlango. Namba thelathini na saba.

"Jioni," bibi akasema. "Taa zilikuwa zinawashwa."

Mheshimiwa akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akacheka. Akaiweka glasi chini, imejaa vilevile, akaondoka.

Pandit akaufunga mlango wa gari kwa hasira. Nikaona, ila sikuelewa.

Watu wakanibeba juujuu, wanasema Lalan kaokoa tuta. Bibi akaenda kwenye bomba la mkono, akasukutua. Akasukutua tena. Akasukutua kama mtu aliyekula uchafu.



Mheshimiwa akarudisha fomu, akashinda kwa kura elfu tisa. Nilicheza mtaani, uso mwekundu kwa unga wa sherehe, napiga ngoma mpaka kiganja kimevimba.

Wiki ya sita, tingatinga la manjano likaja.

Nilikimbia mpaka kwa Mheshimiwa. Getini nikamkuta Upendra, anatafuna tambuu.

"Upendra, wanavunja. Mwambie mzee, wanavunja sasa hivi."

"Mzee kapumzika."

"Alisema kwa mkono wake."

"Lalan, alisema wakati anaomba kura. Sasa hivi anaomba nini?"

"Kaka, bibi yangu alimsaidia."

"Bibi yako alimwambia ana nyota ya kifalme. Mfalme anaamshwa na mtu wa tutani?"

Ndipo Pandit Kirtinath akatoka ndani, mwavuli mkononi. Akaniona, akanikunjia uso.

"Wewe si mjukuu wa yule mkunga?"

"Ndiyo, Panditji."

"Nani alimfundisha kusema jioni?"

Nikaangalia chini. Naye akajua palepale.

"Mjinga wewe," akasema, taratibu kabisa. "Kumbe ni wewe."

"Nilitaka agombee. Upendra aliniambia..."

"Upendra anajua nini zaidi ya kufungua mlango wa gari? Angegombea tu. Mimi nilishajua ni alfajiri, nilikuwa nataka aisikie kwa mkunga mwenyewe. Wewe unajua mtu wa Mul, ambaye Shani kamkaba koo, anafanya nini kabla ya uchaguzi?"

Shani ni ile sayari ya mikosi, hata matajiri wanaipelekea mafuta kila Jumamosi.

"Anatoa sadaka," Pandit akasema. "Na sadaka ya Shani haipewi mtu kama mimi. Inapewa watu wa chini. Inapewa watu kama nyie."



"Nilimwambia, ikithibitika ni alfajiri, toa ardhi kwa waliokukata kitovu, kabla hujarudisha fomu. Bigha tatu, zinawatosha nyote, kando ya bwawa lake la samaki. Shamba lake mwenyewe, si la serikali. Alikubali. Majina arobaini na moja, mstari kwa mstari. Alishaweka sahihi. Tungeikabidhi hapohapo."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Ilikuwa mapajani kwangu. Kwenye kitambaa chekundu. Jioni ileile aliichana, anacheka. Na mimi ng'ombe niliyekuwa nilipwe kwa ibada hiyo nikamkosa."

Akafungua mwavuli, akaenda zake.

Nilirudi tutani nikakuta matofali na vyungu. Mlango wetu ulikuwa umelala chini, namba bado inasomeka.

Sasa hivi tunaishi pembeni ya reli, chini ya turubai. Majirani wengine hawanisemeshi kwa sababu ya ile kampeni, na hao hawajui hata nusu ya habari. Wanadhani Mheshimiwa tu ndiye katugeuka. Nimewaacha wadhani hivyo. Bibi naye sijamwambia.

Kila alfajiri treni inapita mita chache kutoka kichwani kwetu, turubai linatikisika. Bibi anakuwa macho tayari. Anasema kila siku, wala hasemi na mimi.

"Saa hii. Saa hii hasa ndiyo alizaliwa."

Funzo langu ni hili, lichukueni au liacheni. Mkubwa akija kwako anatetemeka, usimtulize. Ile hofu ndiyo kitu pekee ambacho mtu kama wewe atawahi kupata kutoka kwake. Mimi niliishika mkononi, nikamrudishia bure.