Shemeji Nagendar na Lugha ya Buddha

Shemeji yangu Nagendar, mdogo wa mume wangu, hakuchagua Kipali kwa mapenzi. Alikichagua kwa sababu kijitabu chake kilikuwa chembamba. Mtihani wa serikali wa kupata maafisa unamtaka kila mtu achague somo moja la hiari, na kule mjini Patna, kwenye nyumba waliyopanga watahiniwa watupu, mwenzake alimwambia kwamba vitabu vya historia vinajaza chumba, lakini Kipali unakimaliza kabla mvua hazijakatika. Kipali ni lugha ya mahubiri ya Buddha. Waliokizungumza walikwisha kufa zamani, kwa hiyo, alisema Nagendar, hakuna wa kumcheka akikosea.

"Mimi nipo," nikamwambia.

"Wewe shemeji unanicheka hata nikipatia."

Kweli. Kwetu mke wa kaka kazi yake ndiyo hiyo, na mimi si mvivu.

Lakini nilimtakia mema. Nilitaka amwoe Sunaina, binti wa baba yangu mdogo Ramkhelawan. Tangu sikukuu ya Holi ile Sunaina alipommwagia ndoo ya rangi kichwani, Nagendar akilisikia jina lake tu, alichoshika mkononi kinaanguka. Vikombe vyangu vilipungua sana mwaka ule. Baba mdogo naye alikwisha kutangaza kijijini kwake kwamba mkwe wake ni afisa, na mtihani wenyewe ulikuwa haujafanywa.

Nagendar akapita mchujo wa kwanza. Sasa mama mkwe alikuwa ameweka nadhiri kwa mungu Shiva: mwanangu akipita, nywele zake ni zako. Basi Nagendar akaenda Deoghar, kwenye hekalu la Shiva, kwa miguu, peku, amevaa nguo za rangi ya zafarani kama mahujaji wote wa mwezi ule, akarudi kipara. Hija ikaisha, wenzake wakavua nguo zile. Yeye akaendelea kuzivaa, ati zinapitisha hewa.

"Shemeji, unafanana na chungwa," nikamwambia.

"Wivu huo."

Sisi tuko karibu na Rajgir, alikohubiri Buddha. Watawa wa Buddha wanapita barabarani kila siku, vipara vinang'aa, nguo za zafarani. Ningalipaswa kuliwaza hilo, lakini nilikuwa jikoni.

Baba mdogo akaja bila taarifa, yeye na wazee wawili na boksi la peremende, kupanga siku ya harusi. Wakavua viatu mlangoni, wakapanda darini. Huko wakamkuta Nagendar amewapa mgongo, kipara hicho, anakariri Kipali kwa sauti ya kuamsha mtaa. Na katika mistari yote ya kijitabu, alikuwa amefika kwenye yale maneno ya kujikabidhi kwa Buddha, ambayo kwetu hata mbuzi anayajua.

Walishuka ngazi mbio.

"Baba mdogo, ngoja!"

"Ningoje nini? Kijana ameuacha ulimwengu, nami nimpe binti? Akamlishe kwa bakuli la kuombea?"

Viatu alivisahau. Peremende alikumbuka kuzibeba.

Jioni Sunaina akanipigia simu. "Dada, ni kweli amekuwa mtawa?"

"Mtawa gani! Jana kagombania kichwa cha samaki na kaka yake."

"Basi fanya haraka. Baba ameanza kumsifu yule karani wa umeme."

"Yule anayekoroma akiwa macho?"

"Huyohuyo." Akaanza kulia. Niliumia moyoni, maana Sunaina si mtu wa kulia. Ni mtu wa kuliza wenzake.

Nikakumbuka jambo ambalo Nagendar mwenyewe alinisomea: mtawa wa Buddha hali chakula baada ya saa sita mchana. Nikamtumia baba mdogo ujumbe. Njoo kesho jioni ufuate viatu vyako. Mlishe Nagendar kwa mkono wako. Akikataa, Sunaina mpe karani wa umeme, na mimi nitaimba harusini. Baba mdogo anapenda sana kesi yenye chakula ndani yake, akakubali.

Nikapika mbuzi. Nikachoma litti, yale madonge ya unga, kwenye makaa ya samadi, nikaponda bilinganya kwa vitunguu saumu. Alasiri Nagendar akarudi kutoka Patna alikofuata vitabu, uso umempauka, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekula golgappa za stendi, zile za maji ya pilipili."

"Leo? Siku zote alizoumba Mungu, ukachagua leo?"

"Siwezi kumeza hata punje."

"Sawa. Usipokula mbele ya baba yake, Sunaina ni wa karani."

Akanawa mikono, akaenda kuketi.

Jioni baba mdogo akaja, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, kama hakimu. Akachovya litti kwenye samli, akamtilia mdomoni. Nagendar akatafuna, jasho linamtiririka kiparani. Akameza. Kisha akainuka ghafla, akanyakua chombo cha maji, akatokomea shambani nyuma ya nyumba.

"Mnaona?" baba mdogo akasema. "Amekwenda kutubu."

Nagendar akarudi, akanawa, akaketi, akafungua mdomo. Nyama ikaingia. Akakimbia tena. Akarudi tena. Mama mkwe alijifunika uso kwa ncha ya sari. Sikujua kama analia au anacheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya yote mawili.

"Mwanangu, unaumwa?" baba mdogo akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Sasa unakula kwa nini?"

"Nikiacha, Sunaina utampa karani." Akatazama sinia. "Na bado kuna nyama."

Baba mdogo akaweka litti chini. Nagendar alipoinuka kwa mara nyingine, mzee alikitwaa kile chombo cha maji, akamfuata gizani amekibeba yeye mwenyewe na tochi mkononi. Kwetu baba mkwe hambebei mtu maji ya chooni. Hapo nikajua harusi ipo.

Wakaoana baada ya sikukuu ya Chhath. Matokeo yakatoka: Nagendar kaanguka masomo yote isipokuwa Kipali. Mwaka uliofuata serikali ikakiondoa Kipali kwenye masomo ya hiari, na yeye akaacha mitihani, akafungua duka la mbegu za viazi. Kipali anambembelezea mtoto, na mtoto analala upesi kweli.

Watu wa kijijini bado wanamchokoza baba mdogo: "Ramkhelawan, yuko wapi yule afisa wako?"

Naye huwajibu, "Maafisa nimewaona wengi. Mtu wa kukimbilia shambani akarudi kwenye sinia kwa ajili ya binti yangu, nimemwona mmoja."