Nyenje na Udongo Wake

Kivuva alipotuletea mke kutoka Tseikuru, kule Kitui, mimi mama yake nilimpokea kwa mikono miwili na macho manne. Hapa Kalamba tunajua watu wa Kitui wanasemwa nini: wakikutazama vibaya, maziwa ya ng'ombe yanakauka. Sijawahi kuona, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kalunde, huyo mke, alikuwa mpole, na mimi upole huwa siuamini. Mwaka wa 1978 kanisa lilimpa kazi ya kufundisha watoto wa nasari. Badala ya kukaa na chaki, akawatoa nje wainue mawe na kuchungulia chini ya mabua, wakitafuta nyenje. Halafu siku moja akawaambia kila mmoja alete nyenje wa kwao ndani ya mkebe, pamoja na udongo wa pale alipomkamata, mdudu asife.

Udongo! Huku kwetu mtu akitaka kukumaliza, haanzi na wewe. Anaanza na udongo wa boma lako. Sasa huyu wa Kitui alikuwa na udongo wa kila boma, umepangwa dirishani.

Jirani yangu Kaluki ndiye aliyepuliza moto. Mjukuu wake Mbinya alikuwa amepeleka mkebe, na wiki hiyo hiyo mbuzi wa Kaluki akatupa mimba. Lakini nilijua pia kwamba binti yake Muthoki aliitaka sana ile kazi ya nasari, kwa hiyo nikawashuku Kaluki na Kalunde sawasawa. Wazazi wakaitwa kanisani. Kalunde akishindwa kujieleza, kazi imekwisha, na ndoa pia, kwa maana huku hakuna boma linaloweka mchawi.

"Aape kithitu!" Kaluki alidai.

Mchungaji Muthama alikataa. Kiapo cha mababu hakingeingia kanisani.

"Basi arudishe mchanga yetu. Na nani atajua gani ni ya nani?"

"Watoto wanajua," Kalunde alisema.

Mbinya alienda dirishani akachukua mkebe wake bila kusita, akampelekea bibi yake. "Susu, huyu ndiye wetu. Ni mama. Unaona hii sindano huku nyuma? Haidungi mtu, ni ya kuweka mayai kwa mchanga. Na masikio yake iko hapa kwa mguu, chini ya goti."

Watoto wengine wakafuata, kila mmoja na nyenje wake. Watu walianza kucheka. Kaluki aliuinamisha mkebe, akachungulia ndani.

"Mchanga imepunguka," alisema.

Mchungaji akaamua Kalunde abaki na kazi, ila wadudu wasionekane tena. Wengine waliita hiyo huruma. Mimi niliona ni hukumu, maana asiye na kosa haambiwi aache. Jumatatu mabenchi mawili ya nasari yalikuwa matupu, watoto wamezuiwa nyumbani. Kalunde alirudi nyumbani macho yamevimba, akaanza kukunja nguo zake apande basi la kwao. Niliumia moyo, na mimi nikiumia hukasirika.

Kila Mkamba anajua kwamba udongo wa mafiga haupewi mtu, hata awe dada yako wa tumbo moja. Asubuhi, alipokwenda kuwaaga watoto, niliinama jikoni kwangu, nikauchota pale katikati ya mawe matatu. Nikamkamata nyenje aliyejificha nyuma ya mtungi, nikavitia vyote kwenye chupa ya jemu ili kila mtu aone kilichomo. Nilipita katikati ya soko. Kaluki aliniuliza ninaenda wapi, nikamwambia ninaenda nasari. Akanifuata, na wengine nyuma yake.

Kalunde aliipokea chupa. "Mwaitu, mama, huu mchanga umetoa wapi?"

"Kwa mafiga yangu," nilijibu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sasa mimi nikikufa, hawa wote watajua ni nani aliniua. Fundisha."