Siku Kumi na Moja Bila Mhuri

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipotoka mtaani kwetu Buyenzi asubuhi na mfuko wangu wa bisibisi, naenda Buterere kumtengenezea fundi mmoja cherehani yake, huku kadi yangu ya mgeni imepitwa na siku kumi na moja. Jana nimekusikia ukimwambia mama yako kwamba huko unakokwenda kuishi, siku chache za kuchelewa si kitu. Basi kaa nikueleze. 

Mimi mtu wa Kigoma, unajua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilinikuta Bujumbura nimeshazoea, nimeshaoa. Kila miezi mitatu mgeni alitakiwa afike ofisini mjini, aonyeshe uso wake, kadi ipigwe mhuri. Pale ofisini kulikuwa na foleni mbili, wenyeji huku, wageni kule, na ile ya kule niliichukia kuliko dawa ya minyoo.

Sasa sikia upumbavu wangu. Siku nilipomwoa Mwajuma, baba yake, Mzee Ramadhani, fundi wa magari aliyeheshimika Buyenzi nzima, alinishika bega mbele ya watu akasema, "Toka leo we si mugeni hapa." Wanawake wakapiga vigelegele. Maneno ya furaha ya harusi, nami nikayafanya sheria ya serikali! Siku ya mhuri ilipofika nikamwambia Mwajuma, "Mugeni nani? Mi mwenyeji." Akanijibu, "We enda tu. Ile kadi haijui harusi yetu." Alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikamwambia apumzike, aache kunifundisha. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, we acha tu.

Kabla ya kufika Buterere, penye mashamba ya mpunga, nikakuta bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Juzi yake zilikuwa zimelia risasi upande ule, na askari walikuwa na macho mekundu ya kutolala. Mmoja, kijana kuliko mimi, alichukua kadi, akaigeuza, akahesabu kwa vidole.

"Kadi hii imekufa," akasema. "We mutu wa wapi?"

Ningesema kweli tu. Badala yake mdomo ukaniponyoka: "Mi mwenyeji wa Buyenzi."

Akauliza, "Mwenyeji wa upande gani?"

Swali lile la kabila, miaka ile, watu waliliogopa kuliko bunduki. Ukijibu hivi unaweza kufa, ukijibu vile unaweza kufa, inategemea nani kakuuliza. Na mimi sikuwa na upande! Ugeni wangu ndio uliokuwa ukinilinda mitaani siku zote, nami nimeukana kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa sababu ya kiburi cha foleni.

Wakanikalisha chini pamoja na wanaume wawili nisiowajua. Baada ya kitambo likaja lori, wale wawili wakapakiwa. Sikujua wanapelekwa wapi, na mpaka leo sikusikia habari zao. Yule kijana akaniambia nisijali, lori litarudi. Nikajaribu dua niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto, nikaisahau katikati.

Kumbe jirani yetu Mama Zuhura, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa amepita akaniona, akarudi Buyenzi mbio kutoa habari. Baadaye namwona Mzee Ramadhani anakuja katikati ya barabara, mikono juu, ovaroli imejaa oili, anatembea pole pole. Akasimama mbali kidogo.

"Afande, huyu mutu si wa hapa. Ni mugeni, mutu wa Kigoma, ameoa mutoto wangu. Hana upande."

"Mbona ametudanganya?"

"Apana, hajadanganya. Ni ujinga tu. Nilimuambia neno zuri, akalisikia vibaya."

Mkubwa wao akatoka kivulini, akatazama saa yake. Akasema, "Basi muzee abaki hapa. We enda kwa biro, ulete kashe." Biro ni ofisi, kashe ndio mhuri, kwa Kifaransa chao. "Lori likirudi haujafika, tunapakia yeye."

Nikamgeukia baba mkwe. Alikuwa ameshaambiwa avue viatu, anavifungua kamba. Hakunilaumu. Alisema neno moja tu, "Kimbia."

Nilikimbia, wallahi. Nikapata mtu wa baiskeli akanibeba, mnyororo ukakatika njiani, nikashuka nikakimbia tena. Ofisini foleni ya wageni ilikuwa ndefu mpaka nje. Nikapiga magoti mbele ya wote, nikawaomba, nalia kama mtoto. Mama mmoja wa Uvira aliyekuwa wa kwanza akasogea. "Pita, baba," akasema. Karani akauliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilidhani mimi si mgeni tena. Hakucheka. Akapiga mhuri, akanirudishia kadi.

Kurudi ndiko kulinitesa zaidi. Kila gari kubwa lililonipita nililitazama nyuma nione nani kakaa. Nilipofika, lori lilikuwa limesimama pale bariyeri, ubao wa nyuma umefunguliwa, na Mzee Ramadhani amesimamishwa karibu yake, peku, mikono kichwani. Nikapiga kelele huku nimeinua kadi. Mkubwa akaisoma mstari kwa mstari. Akamwambia mzee, "Chukua viatu."

Tulirudi Buyenzi kwa miguu. Gereji kwake alichukua spana, ikamwanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mikono ile haikuacha kutetemeka mpaka tunamzika. Fundi mkubwa vile, akawa wa kukaa kwenye stuli na kuwaelekeza wengine. Mwajuma alipojifungua, nilimwendea mzee nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Mutoto amezaliwa, baba yake yupo. Yameisha." Yeye yalimwishia. Mimi bado.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wa huko wakikupenda na kukuita ndugu, shukuru, kula nao, lakini siku yako ya kuripoti uijue kama jina lako, na uende kabla haijafika. Ukiulizwa wewe ni nani, sema ulivyo, usijipambe. Usione haya kuitwa mgeni. Na ukitaka kuchelewa, jiulize kwanza ni nani anayekupenda kiasi cha kuja kusimama mahali pako, kwa maana huyo ndiye atakayelipa.

Nenda. Mungu akufungulie njia, akukutanishe na watu wema, akulinde ulimi wako na miguu yako. Na kosa lako likitokea, maana wewe ni binadamu, nakuombea likuangukie wewe mwenyewe, lisimfikie mtu mwingine. Amina.