Kaskazini Yangu Iliyogeuka

Kwetu ni Kondoa. Ukiitazama ramani, Kondoa iko kaskazini kabisa ya Songea, kama umepiga mstari kwa rula. Hilo nalijua vizuri. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa shule ya msingi. Ila kichwa changu hakitaki.

Nilishuka stendi ya Songea siku ya mvua, nikija kuanza kazi, na mawingu yakakaa juma zima. Bila kuniuliza, kichwa kikajipangia dira yake: huku mashariki, kule magharibi. Siku jua lilipotoka, nikaliona linachomoza magharibi. Nilidhani ni uchovu, utapita. Haukupita. Mpaka leo nikitembea mtaani kwangu Lizaboni kwenda dukani, mwili wangu unaamini barabara ya Mpitimbi ndiyo inayoelekea kwetu, na Mpitimbi iko kusini!

Ningecheka tu, kama si mama. Mama alikuwa anaumwa huko Kondoa, na kwa umbali huu nilichoweza kumfanyia ni dua. Mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima wa Tunduru, ndiye aliyenionyesha kibla siku ya kwanza. "Elekea mlangoni, mwalimu," alisema. Kibla hapa ni kaskazini, kwa hiyo nikisali naelekea Makka na kwetu kwa pamoja. Lakini kila nikitandika mswala nilihisi nimempa mama mgongo. Iliniudhi, ikanitia uchungu, na ningemweleza nani? Mwalimu wa Jiografia amepotea!

Nikajaribu kusali nimefumba macho, na kaskazini ikarudi mahali pake. Mama mwenye nyumba akaniona.

"Fumbua, mwanangu. Tazama pale unapoweka paji la uso."

Nikafumbua, na dunia ikageuka tena.

Muhula huu tulifika somo la dira na darasa la tatu. Nikawatoa nje asubuhi. Mkono wa kulia kwenye jua, wa kushoto magharibi, uso kaskazini. Mimi nilisimama mbele yao nikiwatazama, kama walimu tunavyosimama, nikanyoosha wa kushoto ili wanifuatishe. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanikazia macho.

"Mwalimu, wewe unatazama kusini."

"Ndiyo, nawatazama ninyi."

"Sasa kaskazini utaionaje? Njoo huku kwetu."

Darasa likaangua kicheko. Nikaenda, nikasimama kando yake, nikanyoosha mkono wa kulia. Jua likanipasha joto kiganjani. Kichwa kikaendelea kubisha, lakini mkono ulijua, na nilitamani kulia mbele ya watoto.

Wiki chache baadaye kaka akapiga simu: njoo, mama anakuulizia. Nikapewa ruhusa, nikapanda basi la alfajiri. Tulipoiacha Songea jua likatoka, na kichwa kikaanza vituko vyake: unakwenda kusini, unamkimbia mama. Nusura nimwambie kondakta anishushe.

Badala yake nikafungua dirisha, nikautoa mkono wa kulia nje, kama mtoto wa darasa la tatu. Abiria wa pembeni yangu akaniuliza ninampungia nani.

"Simpungii mtu," nikamjibu. "Nakwenda kwa mama."

Sikuurudisha mkono ndani mpaka ulipopata joto la jua.