Mgeni wa Kwanza wa Mwaka

Utotoni mwangu, tulipoishi Glenwood hapa Durban, kila asubuhi ya Mwaka Mpya Papa alivaa suti yake ya kanisani, akaenda kubisha mlango wa mbele wa mwenye nyumba wetu, Gogo Ishbel, akiwa na kipande cha makaa ya mawe kwenye gazeti. Sisi tulitoka Bukavu, Kongo, tukapanga chumba chake cha nyuma. Gogo, kama Wazulu wamwitavyo bibi, alikuwa mjukuu wa fundi Mskoti aliyekuja kwa meli kujenga reli ya bandarini. Babu huyo alimwachia nyumba, Biblia na mwiko mmoja: wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukianza awe mwanamume mwenye nywele nyeusi. Akitangulia mwenye nywele nyekundu, damu itamwagika humo.

"Watu wa Uskoti walimngojea Papa yako mbele ya kuzaliwa," Mama alinitania.

Nilipokuwa na miaka tisa alitangulia Callum, mpwa wake Gogo, kijana mwenye nywele rangi ya kutu. Alitoka zamu kiwandani Jacobs, anataka chai tu. Gogo akadondosha kikombe.

"Toka! Umetuletea damu!"

Callum alicheka. Lakini tangu siku hiyo Gogo alimpitisha mlango wa nyuma.

Mwezi wa nne Mama, aliyekuwa akisuka watu nywele soko la Warwick, alirudi mapema. Maduka ya wageni yalikuwa yanavunjwa. "Iko mbaya," alisema. Papa, mwalimu kwetu na mlinzi wa magari huku, alikuwa bado kazini.

Saa sita mchana nilimwona akija mbio, wanaume kama kumi nyuma yake. Walimpata getini. Fimbo ilivunja mfupa wa bega, nikausikia. Alipoanguka wakampiga mateke ya mdomo. Mmoja akainua panga.

Callum, aliyekuwa amelala jikoni kwa Gogo baada ya zamu ya usiku, alitoka peku, akajitupa juu ya Papa. Panga likamshukia mkononi. Vidole viwili vilibaki kwenye kokoto. Majirani walipoanza kupiga kelele, wale watu wakaondoka. Hawakukimbia, walitembea.

Gogo alifungua mlango wa mbele. "Waingizeni! Wote wawili!" Tukawaburuta, na damu ikatufuata mpaka sebuleni.

Papa alipona, ila mkono wa kushoto haukuinuka tena. Gogo alimuuguza Callum mwenyewe, na mpaka anakufa alishikilia kwamba ulikuwa mkosi wa ile asubuhi. Nami nilimwamini miaka mingi, maana ilikuwa rahisi. Sikumwambia yeyote kwamba mwenye panga nilimfahamu: aliosha magari pale pale Papa alipolinda, na siku za mvua Papa alimgawia mkate.

Sasa nina binti wa miaka tisa. Akiuliza kuhusu bega la babu yake, habari ya nywele siitaji. Namwambia watu wawili walimjua babu kwa jina. Mmoja alikuja na panga. Mwingine alitoka nje.